Watu Wanne na Machela

Somo: Marko 2:1-12

Katika habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu tumezoea kuwatazama wawili tu: Bwana asemaye na mgonjwa aponaye. Mwezi huu twapenda kuwatazama wale waliomchukua. Marko hatuambii majina yao, wala kama walikuwa ndugu zake au jirani zake. Atuambia hesabu yao tu, ya kwamba walikuwa wanne. Na hesabu hiyo mtu wa Umatengo au wa pwani ya Nyasa aielewa pasipo kufundishwa, kwa kuwa machela yataka mabega manne. Neno lenyewe, machela, lilikuja kwetu kwa Wareno. Zamani lilikuwa jina la kitanda cha bembea kilichofungwa katika mti mmoja, ambacho wakubwa walichukuliwa nacho safarini ili miguu yao isiguse mavumbi. Leo hakuna mkubwa achukuliwaye hivyo, na machela imebaki kuwa ya mgonjwa. Kitu cha fahari kimegeuka kuwa kitu cha huruma, nasi hatuoni hasara.

Twaandika kwa ajili ya sharika zilizo mbali, na mfano wetu ni Liparamba. Mahali hapo pako kusini ya nchi, katika wilaya ya Nyasa iliyokatwa kutoka Mbinga, karibu na mpaka wa Msumbiji, kando ya pori la hifadhi liitwalo kwa jina lilo hilo. Upande mmoja iko milima ya Umatengo, upande mwingine mto Ruvuma, na magharibi ziko njia ziendazo ziwani. Barabara ya lami ya kilometa 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imekwisha kujengwa katika miaka ya karibuni, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini lami haifiki kila kijiji. Mvua zikianza, udongo huwa utelezi, vijito hujaa, na pikipiki, ambayo ndiyo gari la wengi wetu, hulala njiani pamoja na abiria wake. Na kule ziwani upepo ukichafuka, hakuna mwenye mtumbwi aliye na akili timamu atakayeusukuma majini.

Basi na tufikiri habari ya mama aliyejifungua katika kijiji kilicho mbali, naye aanza kutokwa na damu isiyokoma. Mama wa namna hiyo aweza kufa katika muda wa saa mbili. Hospitali zipo. Ndugu zetu Wakatoliki wana Litembo na Peramiho, ndugu zetu Waanglikana wana hospitali ya Mtakatifu Anna huko Liuli, na Songea iko hospitali kubwa ya mkoa. Sisi Walutheri katika pande hizo tu wachache, na mara nyingi wagonjwa wetu hupokelewa mikononi mwa hao. Twasema hivi kwa shukrani. Hospitali basi si kwamba hazipo. Ni kwamba kati ya kitanda cha mama na kitanda cha hospitali kuna njia. Mstari ulionyooka kutoka Liparamba hata Songea haufiki kilometa 150. Helikopta za siku hizi hupita zaidi ya kilometa 200 kwa saa moja. Kila mtu aweza kupiga hesabu hiyo, na kwa sababu ya hesabu hiyo watu wameanza kuuliza: Je, si haki kwamba wagonjwa wetu wachukuliwe kwa ndege?

Swali ni jema, wala hatutaki kulijibu upesi.

Wale wanne walipofika mlangoni waliona njia imefungwa. Watu walikuwa wamejaa hata nje. Wangaliweza kuiweka machela chini na kusema, Tumejaribu, si shauri la Mungu. Wangaliweza pia kungoja hata watu watawanyike, na mgonjwa angengoja pamoja nao, maana yeye hana la kufanya. Hawakufanya hivyo. Njia ya chini ilipofungwa, walipanda juu, wakaifumua dari, wakamtelemsha mgonjwa mbele ya Bwana. Hatutaki kusema kwamba Maandiko yametabiri helikopta, kama wengine wapendavyo kuona katika kila mstari chombo cha siku zetu. Twasema hili tu: mtu ambaye njia ya chini imemfungia, akatafuta njia ya juu kwa ajili ya mgonjwa wake, hana cha kuonea haya mbele ya Bwana Yesu.

Helikopta ni ndege isiyohitaji uwanja mrefu. Mapanga yake huzunguka juu ya kichwa chake. Hupanda wima, hushuka wima, tena yaweza kusimama hewani kama kipanga atazamapo kifaranga. Wengi walijaribu kuiunda, lakini jina linalotajwa sana ni la Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kiev, aliyehama nchi yake baada ya mapinduzi ya Urusi akaenda Marekani. Tarehe 14 Septemba 1939 aliiinua kutoka ardhini mashine yake iitwayo VS-300, ikiwa bado imefungwa kwa kamba isimtoroke. Mtu huyu alikuwa Mkristo wa kanisa la Waorthodoksi, naye mwaka 1942 alitoa kitabu juu ya maana ya Sala ya Bwana. Twalitaja jambo hili kwa sababu wako vijana wadhanio ya kuwa mtu wa mashine na mtu wa sala hawawezi kukaa katika ngozi moja.

Kazi ya kwanza ya helikopta kwa wagonjwa ilitokea vitani. Mwezi wa Aprili 1944, huko Burma, nchi ile ambako baadaye mwaka uo huo askari wetu wa KAR walipigana na wengine wakazikwa, rubani Mmarekani aitwaye Carter Harman aliwatoa msituni watu wanne, watatu wao askari Waingereza wenye kuumia au kuugua. Mashine yake ilikuwa dhaifu hata haikuweza kumchukua zaidi ya mtu mmoja kwa safari moja. Basi akaenda akarudi, akaenda akarudi. Tarehe 29 Novemba 1945, katika pwani ya Connecticut, watu wawili waliokuwa katika chombo kilichokwama baharini wakati wa tufani walivutwa juu kwa kamba mpaka katika helikopta, na tangu siku hiyo kamba imekuwa rafiki ya ndege hiyo. Vita vya Korea vilipokwisha mwaka 1953, maelfu ya waliojeruhiwa walikuwa wamekwisha kuchukuliwa hivyo. Tena nchi za amani zikajifunza kwa nchi za vita. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mara nyingi mafundisho huja kwa njia hiyo.

Lakini mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni wa jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma. Mwanzoni mwa mwaka 2000 mto Limpopo huko kusini ya Msumbiji ulifurika hata ukafunika mashamba na nyumba. Mama mmoja, Sofia Pedro, mwenye mimba kubwa, alipanda juu ya mti karibu na Chibuto akakaa humo siku kadhaa, maji yakipita chini yake. Tarehe 1 Machi uchungu ulimshika akazaa mtoto wa kike huko huko mtini. Helikopta ya jeshi la Afrika Kusini ikaja juu yao. Mtu mmoja akatelemshwa kwa kamba, akakata kitovu, na mama na mtoto wakavutwa juu. Mtoto akaitwa Rosita. Ulimwengu wote ulitazama picha zile. Sisi tukisoma Marko twaona jambo lililo kinyume chake na lililo sawa nalo: kule Kapernaumu mgonjwa alitelemshwa kwa msaada, na huku msaada ulitelemshwa kwa mgonjwa.

Wala pwani yetu haikungoja helikopta ili kujifunza kuchukua wagonjwa kwa vyombo. Wazee wajua habari ya merikebu ya UMCA iitwayo Chauncy Maples, iliyoshushwa katika maji ya Nyasa mwaka 1901, ambayo ilikuwa kanisa na shule na hospitali ya kuelea. Iliitwa kwa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilo hilo tarehe 2 Septemba 1895, mashua yake ilipopinduliwa na tufani usiku. Inasimuliwa kwamba aliwaamuru vijana waliokuwa pamoja naye wajiokoe wenyewe wamwache.

Na hewani pia alitangulia mtu wa kanisa. John Flynn, mchungaji wa Kipresbiteri katika Australia, aliwaona wafugaji wa bara wakifa kwa magonjwa yaponyekayo, kwa kuwa daktari alikuwa mwendo wa siku nyingi. Kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, Clifford Peel, alimwandikia barua mwaka 1917 alipokuwa njiani kwenda vitani, akamweleza jinsi ndege zingeweza kumpeleka daktari, na akapiga hesabu ya gharama yake. Peel aliuawa Ufaransa mwaka 1918 wala hakuona lolote. Flynn aliihifadhi ile barua, akahubiri, akaomba fedha, akadharauliwa na wengi, hata tarehe 17 Mei 1928 ndege ya kwanza ya daktari ikaruka kutoka Cloncurry. Miaka kumi na mmoja, wapenzi! Wenye kukata tamaa kwa sababu baraza la usharika halikukubali shauri lao katika mkutano mmoja na waipime miaka hiyo.

Kwetu Afrika ya Mashariki kazi ya madaktari warukao ilianza mwaka 1957, kwa madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walioshauriana katika mteremko wa Kilimanjaro. Ndiyo iliyokua ikawa AMREF, na ndege zake huondoka hata leo katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndege za MAF zimetua miaka mingi katika viwanja vya udongo vya nchi yetu, na hospitali yetu ya Kilutheri ya Haydom yajua sauti yake. Nyingi za hizo ni ndege zenye mabawa, zitakazo kiwanja cha kukimbilia, si helikopta. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wadhanivyo, kwa kuwa kijiji chenye kiwanja kilichofyekwa na kutunzwa chaweza kupata ndege kwa gharama ndogo kuliko kijiji kingojacho helikopta.

Tumefika penye gharama, na hapa yatupasa kurudi juu ya dari.

Mwinjilisti hatuambii ilikuwa nyumba ya nani. Lakini ilikuwa ya mtu. Udongo ulianguka juu ya vichwa vya wageni, miti ikavunjika, na jua likaingia mahali palipokuwa na kivuli. Mgonjwa alitoka kwa miguu yake akimsifu Mungu, na watu wakaenda zao wakistaajabu. Ni nani aliyebaki na ile dari? Hatusomi kwamba Bwana alimkemea mtu kwa sababu ya uharibifu ule. Lakini hatusomi pia kwamba dari ilijitengeneza yenyewe. Yawezekana wale wanne walirudi kesho yake na udongo na fito. Yawezekana mwenye nyumba alijilipia. Kila uponyaji una dari yake, na iko daima mtu wa kuilipa.

Tazameni Kilimanjaro. Mlima ule una kimo cha meta 5,895, na wageni wengi huupanda kila mwaka. Hewa ya huko juu ni nyepesi; wako ambao mapafu yao au ubongo wao hujaa maji, na dawa iliyo kuu ni kushuka upesi. Zamani waliteremshwa kwa machela yenye gurudumu moja, wapagazi wakiisukuma na kuizuia mawe kwa mawe. Siku hizi helikopta huwashusha. Hao wageni wamelipia bima kabla ya kuja, na bima hulipa mafuta na rubani na daktari. Hatuwaonei wivu, mgeni naye ni jirani yetu, na mwana wa mtu ni mwana wa mtu. Lakini neno limesimama wazi mbele ya macho yetu: katika nchi moja, aliyepanda mlima kwa kupenda kwake ana njia ya juu, na mama aliyelala nyumbani mwake kwa kuzaa hana. Mwenye kuisoma habari ya Lazaro aliyelala mlangoni hawezi kulipita neno hilo kana kwamba halikuandikwa kwa ajili yake.

Tena si fedha tu inayolipwa. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 2025 helikopta iliyokwenda kuchukua wagonjwa ilianguka katika mteremko wa Kilimanjaro, juu ya meta 4,000, nao watu watano waliokuwamo wakafa wote. Miongoni mwao alikuwamo rubani, na daktari, na kiongozi wa wageni. Walipanda ili kuwashusha wengine. Kila atakaye kusema kwamba ndege ni jambo rahisi na alikumbuke jina la siku ile. Helikopta haipendi hewa nyepesi, wala ukungu, wala giza, na milima ya Umatengo ina ukungu mwingi. Ndani yake ni pembamba. Kelele ya mapanga ni kubwa hata daktari hasikii moyo wa mgonjwa kwa kipimo chake cha masikioni. Kwa hiyo dripu na hewa ya kupumua na kuifunga damu hutengenezwa kabla ya kuruka, na asiyetengenezwa chini hatengenezeki juu.

Sasa twageukia jambo ambalo walimu wa dini hukutana nalo kila siku, nalo ni gumu kuliko mafuta ya ndege. Wako Wakristo wasemao: Mwenye imani hakimbilii chombo, akae, aombewe. Tena wako wasiosema hivyo mbele ya mchungaji, lakini nyumbani hungoja hata mjomba aje, au hata mume arudi kutoka kahawani, au hata mganga ajaribiwe kwanza. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Dakta Martin Luther hakuondoka. Nyumba yake ikawa mahali pa wagonjwa. Akamwandikia Johann Hess wa Breslau waraka juu ya swali la kuikimbia tauni. Alifundisha humo ya kwamba Mungu ameumba dawa na kutupa akili ya kuutunza mwili, na mtu azidharauye hamtumaini Mungu, bali amjaribu. Alifundisha pia ya kwamba hakuna ruhusa kumwacha jirani katika ugonjwa wake ikiwa hakuna mwingine wa kumtumikia. Yote mawili yalikuwa katika waraka mmoja, na sisi twapenda kulisoma moja na kuliacha la pili, kila mtu kwa kadiri ya woga wake.

Mwaka 1994 wataalamu wawili wanawake, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya wazazi, wakasema ya kwamba kukawia ni kwa namna tatu: kukawia kuamua nyumbani, kukawia njiani, na kukawia kupata matibabu mtu akiisha kufika. Tuipime helikopta kwa hayo. Hufupisha kukawia kwa pili. Kwa kwanza haina neno, maana haiwezi kumchukua mama ambaye wazee wa ukoo bado wanamfanyia baraza. Na kwa tatu ndiko kwenye uchungu. Wale wanne wangalifumua dari bure kama Bwana hangekuwamo ndani ya nyumba. Mgonjwa aliyefikishwa kwa nusu saa mahali pasipo damu ya kuongezewa, wala mpasuaji, wala umeme, amefikishwa upesi mahali pa kufia. Kwa hiyo hatuwezi kukubaliana na wale wanaotaka ndege kwanza na mengine baadaye, ijapokuwa tunaielewa haraka yao. Akiba ya damu katika hospitali iliyo karibu huokoa wengi kuliko mapanga ya mbali, na damu hiyo haitoki kiwandani, hutoka katika mikono ya watu kama sisi.

Na njiani Mungu ametupa njia nyingine iliyo wazi leo, isiyo na mapanga. Ni mpango uitwao M-mama. Ulianza mwaka 2013 katika Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikaanza kuueneza nchi nzima. Mtu hupiga simu 115 bila malipo. Mhudumu husikiliza hali ya mjamzito, au ya mama aliyejifungua, au ya mtoto mchanga. Huita gari la wagonjwa, na kama halipo, huita dereva wa watu, mwenye gari lake mwenyewe, aliyekwisha kupatana na mpango na kujulikana, naye hulipwa na mpango, si na mgonjwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulihesabu vifo vya wazazi 556 katika vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulihesabu 104. Hatusemi kwamba M-mama peke yake umeyafanya hayo, kwa kuwa wakunga na zahanati na barabara zimo pia. Lakini mwenye kuona hesabu hizo mbili asimame kidogo, afikiri ni nyumba ngapi zina mama leo.

Mtaona, wapenzi, ya kuwa dereva huyu ndiye mmoja wa wale wanne. Hana vazi la kazi wala cheo. Aliamshwa usiku, akakubali.

Lipo neno jingine katika somo letu ambalo hatuthubutu kuliacha, kwa maana huenda likawashika wengine waliozika. Bwana alipoiona imani yao, hakuanza na miguu. Alianza na dhambi. Alimwita yule mtu mwanawe, akamwambia zimeondolewa. Ikiwa Bwana angaliishia hapo, je, wale wanne wangalikuwa wamechoka bure? Wako wagonjwa waliochukuliwa na watu waaminifu, kwa machela au kwa mtumbwi au kwa gari, wakafa kabla ya kufika. Waliowachukua hurudi nyumbani na mikono mitupu, na shetani huwanong'oneza: mngalikwenda upesi zaidi. Mwalimu wa dini asiwaache watu hao peke yao. Na awaambie ya kwamba Bwana aliitazama imani ya wachukuzi kabla mgonjwa hajasimama, na ya kwamba yule aliyefia njiani mikononi mwao hakufa nje ya mkono wake. Kwa sababu hiyo twapenda, kila iwezekanapo, mwalimu au mzee wa kanisa afuatane na mgonjwa aliye hatarini. Awe na Agano Jipya mfukoni, na namba za simu za jamaa. Na asikate maneno ya muuguzi kwa sala ndefu.

Kuhusu helikopta yenyewe, shauri letu ni hili. Wenye sauti katika halmashauri na katika sinodi wasione haya kuitaja haki ya watu wa mpakani, ya kwamba serikali na mashirika yakihesabu vyombo vya dharura wasiishie penye viwanja vya wageni. Flynn aliomba miaka kumi na mmoja. Na sharika zisingoje majibu ndipo zitengeneze mahali. Siku ya mafuriko au ya ajali kubwa helikopta yaweza kuja hata kwenu, na mara nyingi hushindwa kutua si kwa ubaya wa ndege bali kwa ubaya wa kiwanja. Kiwanja cha mpira cha shule kinafaa, kikiwa tambarare, kisiwe na nyaya wala miti mirefu kando yake. Mabati yasiyopigiliwa, khanga zilizoanikwa na magunia matupu yaondolewe, kwa maana upepo wa mapanga huyarusha kama makapi. Watoto na mifugo wakae mbali. Mtu asiisogelee ndege mpaka rubani ampe ishara, tena aende kwa mbele, akiinama, wala asipite mkiani kamwe, kwa kuwa panga la mkiani likizunguka halionekani na limewaua wengi. Mmoja achaguliwe kusimama mahali rubani awezapo kumwona, upepo ukimpiga mgongoni.

Jambo la mwisho halina gharama ila karatasi moja. Kila usharika na uandike orodha, ibandikwe mlangoni mwa kanisa ndani na nje: simu 115, namba ya zahanati, majina ya wenye gari, pikipiki na mitumbwi yenye mashine walio tayari kuamshwa usiku, majina ya watu walio tayari kutoa damu, na jina la nyumba ambamo machela imehifadhiwa. Mama mjamzito anayekaa mbali na mumewe apewe pia jina la mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukata shauri mume asipokuwapo, na mume akubali hayo mbele ya wazee siku hiyo hiyo. Orodha iliyo tayari isomwe katika matangazo ya Jumapili mbili mfululizo, ili wasiojua kusoma waisikie. Ni vema kazi hii ifanyike kabla ya mwezi wa Novemba, kwa kuwa baada ya hapo njia ya kwenda kukusanya majina itakuwa ndiyo ile ile tuliyoieleza.